Neno la Siri Huwekwa Wapi?

Siku moja tulipokuwa tukiwafundisha vijana wa Ndosho matumizi ya kompyuta, au ordinateri kama wengi wasemavyo huku kwetu, mvulana mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliinua mkono. Mvulana huyo si msemaji, na wenzake waligeuka kumtazama.

"Mwalimu," akasema, "mashine hii inaniuliza neno langu la siri. Nikikosea herufi moja inanikatalia. Nikiliandika sawasawa inanifungulia. Basi hapana shaka neno langu limeandikwa mahali fulani ndani yake, maana asiyejua jibu hawezi kusahihisha. Na kama limeandikwa, fundi wa mashine aweza kulisoma. Faida ya kulificha ni nini?"

Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali hilo ndilo lililowasumbua wataalamu wakubwa kwa miaka mingi, na wa kwanza wao walilijibu vibaya. Tulimwahidi jibu kamili. Leo twalitoa hapa gazetini ili wazazi nao walipate, kwa maana jambo lenyewe si la darasani tu.

Mtaa wetu wa Ndosho, ulio upande wa magharibi wa mji wa Goma kwenye barabara iendayo Sake, umekwisha kuona watu wengi wakipita na mizigo kichwani. Mwezi wa Mei 2021, baada ya mlima wa Nyiragongo kutema moto, watu kwa maelfu walikimbia kwa barabara hiyo. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, mabenki yalifunga milango. Katika siku kama hizo mtu haondoki na kabati. Huondoka na watoto wake na simu yake; na ndani ya simu mna picha za marehemu, namba za jamaa walio mbali, na pengine akiba yote ya nyumba. Mlango wa mali hizo zote ni neno dogo, au tarakimu nne tu. Yatupasa basi kujua mlango huo umetengenezwa namna gani.

DAFTARI LILILOSOMWA NA WOTE

Kwanza tueleze jina moja. Mashine ikiwashwa, programu moja huamka kabla ya zile unazozitumia. Hiyo ndiyo inayozigawia nyingine kazi na nafasi, na ndiyo inayosimama mlangoni kumwuliza kila ajaye: U nani? Wataalamu huiita mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi, na Linux vilevile. Katika simu nyingi za hapa kwetu mfumo endeshi ni Android. Sisi tutauita bawabu, maana kazi yake tunayoisimulia leo ni ya mlangoni.

Mabawabu wa kwanza walikuwa na daftari. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kompyuta za siku zile zilijaza chumba kizima na bei yake ilikuwa kubwa mno. Kwa hiyo kila mtumiaji alipimiwa saa zake, akapewa na neno la siri la kumtofautisha na mwenzake. Maneno hayo yote yaliandikwa kama yalivyo katika faili moja.

Haukupita muda mrefu. Mwaka 1962 mtafiti mmoja kijana, Allan Scherr, aliona kwamba saa alizopimiwa hazimtoshi kwa kazi yake. Akaiagiza mashine ilichapishe faili lile kwenye karatasi. Mashine, kwa utii wake usiochagua, ikalichapisha. Naye akapata maneno ya wenzake wote na saa zao pia. Mwenyewe alikiri jambo hilo miaka mingi baadaye.

Jambo la pili lilitokea mumo humo katika miaka ya 1960, wala halikuwa wizi. Watunzaji wawili wa CTSS walikuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja: mmoja akisahihisha faili la maneno ya siri, mwingine akiandika salamu ya siku, ile iliyoonyeshwa kwa kila aingiaye. Programu waliyoitumia ikayachanganya mafaili hayo mawili. Kila aliyefungua mashine baada ya hapo hakukaribishwa kwa salamu, bali kwa orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake.

Hapo wataalamu walipata somo. Waweza kuweka kufuli juu ya kufuli. Lakini siri iliyoandikwa kama ilivyo hungoja tu siku ya mlinzi kusinzia.

KINU NA SOMBE

Katika miaka hiyohiyo ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, Roger Needham na Michael Guy waliokuwa wakitumia kompyuta iitwayo Titan walipata wazo jipya. Walisema: Bawabu asiliandike neno hata kidogo.

Labda msomaji atauliza, itawezekanaje? Mama zetu watatusaidia kueleza. Chukua majani ya muhogo, uyatie kinuni, uyatwange mpaka yawe sombe. Je, yuko mtu awezaye kuirudisha sombe iwe majani tena, kila jani na kikonyo chake? Hayuko. Kutwanga ni safari ya kwenda isiyo na kurudi.

Sasa tuseme kinu chetu ni cha ajabu. Majani yale yale yakitwangwa humo hutoa sombe ile ile daima, chembe kwa chembe. Lakini ukibadili jani moja tu, sombe yote hugeuka, hata usiweze kuona kwamba zilikaribiana. Kinu cha namna hiyo kipo, nacho si cha mti, ni hesabu. Hesabu hiyo hupokea neno lako, huligeuza kuwa tarakimu, huzichanganya, huzikata na kuzizungusha, na mwisho wake hutoa mlolongo wa herufi na tarakimu usiofanana na neno lenyewe hata kidogo.

Basi siku unapochagua neno lako, bawabu hulitwanga, huiweka sombe, na majani huyatupa. Kesho ukirudi na kuliandika tena, hulitwanga mara ya pili katika kinu kile kile, kisha hulinganisha sombe na sombe. Zikiwa sawa, hufungua. Zikitofautiana, hukatalia.

Mvulana wetu alisema kwamba asiyejua jibu hawezi kusahihisha. Kwa hesabu za darasani ni kweli. Lakini hapa bawabu anasahihisha bila kulijua jibu, na fundi akilifungua daftari lake atakuta sombe tu. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya neno lako waijua wewe peke yako. Hata bawabu anayekufungulia kila asubuhi haijui.

MWIZI NAYE ANA KINU

Je, tulale usingizi? Hasha. Mwizi aliyeiba daftari la sombe hawezi kuzirudisha ziwe majani, lakini kinu anacho naye, maana hesabu hizi hufundishwa wazi vyuoni. Hufanya hivi: hutwanga neno lolote analolidhani, kisha hulinganisha na alichoiba. Hujaribu majina ya watu, miaka ya kuzaliwa, majina ya miji na ya timu za mpira, maneno yote ya kamusi. Hachoki, maana anayetwanga ni mashine.

Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson, wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani, walichapisha habari za mfumo wa Unix, ambao Linux ya leo imeiga desturi zake nyingi. Walikusanya maneno ya siri 3,289 ya watu mbalimbali na kuyachungua. Kumi na tano yalikuwa herufi moja tu. Herufi mbili, maneno 72. Herufi tatu, maneno 464. Mengine yalikuwa mafupi vilevile, au yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Kwa jumla maneno 2,831, yaani asilimia 86, yalikuwa dhaifu kiasi cha kubahatishwa kwa urahisi. Nao waliyoyachagua hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye kazi ya kompyuta. Mtu ni mvivu mbele ya mlango anaoufungua kila siku.

Kwa sababu hiyo wataalamu waliongeza dawa tatu.

Dawa ya kwanza ni kinu kizito. Unix ya zamani ililitwanga neno mara 25 mfululizo kabla ya kuiweka sombe. Siku hizi kinu kimoja kinachotumika sana katika Linux hurudia kazi yake mara 5,000 kwa kawaida. Mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walileta kinu kiitwacho bcrypt, ambacho mtunzaji aweza kukiongezea uzito kadiri mashine za dunia zinavyozidi kuwa na mbio. Mwenye neno hangoji hata sekunde moja, wala haoni taabu. Lakini mwizi mwenye kujaribu maneno milioni na milioni hukuta kila pigo la mchi limekuwa mzigo.

Dawa ya pili yaitwa chumvi. Na jina hilo hatukulitunga sisi, wataalamu wenyewe ndivyo waiitavyo. Tuseme watu wawili, bila kujuana, wamechagua neno moja. Sombe zao zingefanana, na mwizi akiibahatisha ya mmoja amepata na ya mwenzake. Tena angeweza kutwanga maneno yote ya kamusi mara moja tu, akayaweka ghalani, akayatumia kwa kila daftari atakaloliiba. Kwa hiyo bawabu, kabla ya kutwanga, huokota chumvi kidogo kwa kubahatisha, kila mtu na yake, huitia kinuni pamoja na neno, kisha huiandika wazi pembeni mwa sombe ili aikumbuke kesho. Chumvi si siri. Kazi yake ni kumlazimisha mwizi aanze upya kwa kila mtu. Unix ya 1979 ilikuwa na chumvi za namna 4,096. Za leo hazihesabiki. Mwaka 2012 kampuni ya LinkedIn, iliyokuwa imeweka sombe zisizo na chumvi, iliibiwa, na zaidi ya milioni sita zikatangazwa hadharani. Nyingi zilifumbuliwa upesi.

Dawa ya tatu ni kulificha daftari lenyewe. Zamani katika Unix sombe zilikaa katika faili liitwalo passwd, ambalo kila mtumiaji aliruhusiwa kulisoma. Baadaye ziliondolewa humo zikawekwa katika faili jingine ambalo mkuu wa mashine peke yake ndiye afunguaye. Faili hilo lina jina la kufaa: shadow, yaani kivuli. Ndivyo ilivyo mpaka leo katika Ubuntu, ambayo ni Linux iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kiafrika lenye maana ya utu. Ukiruhusiwa kulitazama faili la kivuli, utaona mstari mmoja kwa kila mtumiaji: jina lake, kisha alama ya kutambulisha kinu kilichotumika, kisha chumvi, kisha sombe. Neno lenyewe hulioni po pote.

Windows nayo ina daftari lake, liitwalo SAM. Kinu chake cha zamani, LM, kilikuwa kibovu. Kilizigeuza herufi ndogo zote kuwa kubwa, kikalikata neno vipande viwili vya herufi saba saba, kikakitwanga kila kipande peke yake bila chumvi. Mtu aliyedhani ana neno refu la herufi 14 alikuwa kwa kweli na maneno mawili mafupi. Windows Vista ya mwaka 2007 iliacha kuziweka sombe za kinu hicho. Hata kinu kilichokifuata, NT, hakitii chumvi. Ndiyo maana Windows hulifunga daftari lake kwa ufunguo mwingine tena, na huwazuia watumiaji wa kawaida wasilifungue.

Dawa hizi ni njema, lakini hazimponyi mwenye neno dhaifu. Hata neno zuri la zamani huzeeka. Mwaka 2019 sombe ya neno la Ken Thompson mwenyewe, iliyokutwa katika faili la kale la Unix, ilibahatishwa baada ya mashine ya kisasa kutwanga kwa zaidi ya siku nne. Neno lilikuwa la alama nane: p/q2-q4! Ni mwendo wa mchezo wa sataranji, ambao Thompson aliupenda sana. Katika miaka yake alama nane kama hizo zilikuwa ngome. Leo si ngome tena.

TARAKIMU NNE ZA SIMU

Sasa tuje kwenye simu, maana ndiyo iliyo mikononi mwa wazazi. Namba ya siri ya tarakimu nne, ambayo wengi huiita kode, ina namna 10,000 tu, kuanzia 0000 mpaka 9999. Kwa mashine hizo si kitu. Hapa kutwanga hakutoshi. Bawabu hutumia silaha nyingine, nayo ni kuhesabu. Katika simu nyingi za siku hizi ukikosea mara kadhaa mfululizo hukuambia ungoje. Ukikosea tena, hukungojesha zaidi. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ya pekee ndani ya simu, iliyotengwa na programu nyingine, ili mwizi asiweze kuihamisha sombe na kuijaribu kwenye mashine yake mwenyewe.

Namba ya siri ya pesa ni jambo jingine. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Kongo mwaka 2012, na nyingine za namna hiyo zipo. Namba yake haikaguliwi na simu yako. Hupelekwa kwenye mashine za kampuni, nazo ndizo zinazoikagua na kuhesabu makosa. Aliyeiokota simu yako akakosea mara chache, hufungiwa.

Kwa hiyo mwizi mwenye akili habahatishi. Anakupigia simu. "Mama, habari ya asubuhi. Sisi ni wa kampuni. Pesa zako zimekwama. Tutajie kode yako tuzifungue." Sauti ni ya adabu, jina lako analijua, na ameanza kwa salamu. Mama mwenye mtoto mgonjwa, aliyekuwa akingoja pesa kutoka kwa kaka yake, humtajia; na kabla ya jua kuchwa hakuna hata franka moja.

Enyi wazazi, ndiyo sababu tumewachosha na habari za kinu. Bawabu mwema halijui neno lako, na hana haja ya kulijua. Utaliandika mwenyewe kwa kidole chako, mashine ilitwange na kulinganisha. Hakuna kazi yo yote ya haki inayomhitaji mtu, awe fundi au karani au wakala, alisikie kwa masikio yake. Anayekuuliza neno lako amejitambulisha kuwa si bawabu.

Kuna na jaribio la pili. Ukisahau neno lako, mtunzaji mwaminifu hawezi kukukumbusha lile la zamani, kwa sababu hana; aweza tu kukupa nafasi ya kuchagua jipya. Ukiona mahali wanakurudishia neno lako lile lile, herufi kwa herufi, fahamu kwamba huko wangali wanaandika daftari kama la mwaka 1961, nawe usiwawekee siri yako ya nyumbani. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa maneno milioni 32 yaliyoandikwa yalivyo. Zaidi ya watu 290,000 miongoni mwao walikuwa wamechagua neno moja: 123456.

KARATASI CHINI YA KIBAO

Tumewasema wengine, haki yatutaka tujiseme na sisi.

Katika shule moja tulikofundisha, alama za wanafunzi ziliwekwa katika kompyuta moja. Walimu wanne tulitumia jina moja la kuingilia, "mwalimu," na neno moja la siri. Ili tusilisahau, tuliliandika kwenye kipande cha karatasi tukakiweka chini ya kibao cha herufi. Kinu kilifanya kazi yake, chumvi ilitiwa, daftari lilifichwa. Na majani yenyewe tulikuwa tumeyaanika mezani.

Mwisho wa muhula tuliona kwamba alama za mwanafunzi mmoja zimebadilishwa. Shaka ikamwangukia mvulana mwingine, kwa sababu tu ndiye aliyekuwa akifagia chumba cha mashine. Alikana. Tukafungua kumbukumbu za mfumo endeshi, kwa maana bawabu huandika ni nani ameingia, siku gani na saa ngapi. Tukakuta mstari mmoja: "mwalimu" aliingia saa kumi na dakika ishirini. Basi. Mwalimu yupi? Mkono wa nani? Mashine haikuweza kusema, kwa kuwa sisi wenyewe tuliifundisha kwamba watu wanne, pamoja na ye yote aliyeinua kibao, ni mtu mmoja.

Mvulana alirudishwa nyumbani. Mama yake, muuza mkaa, alikuja shuleni siku tatu mfululizo akasimama mlangoni bila kusema neno. Siku ya tano aliyebadilisha alama alikiri mwenyewe mbele ya baba yake. Mvulana alirudi darasani, akakaa nyuma kabisa, na tangu siku ile husema kidogo. Ni yeye huyo aliyetuuliza swali tulilolianza nalo.

Tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Lakini tulijifunza jambo ambalo vitabu hulipita upesi. Neno la siri si kufuli tu. Ni sahihi ya mkono pia. Kila mtu akiwa na jina lake na neno lake, kumbukumbu za mashine humwonyesha mkosaji, na humtetea asiye na kosa. Tukiligawana neno kama tumbako, tunampokonya asiye na kosa shahidi wake.

TUFANYE NINI?

Hatutaki kumwacha msomaji na hadithi tu. Chagua neno refu kuliko neno gumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, la sokoni, la mlimani, la lugha ya nyanya yako, yakiunganishwa pamoja humchosha mwizi kuliko neno fupi lenye alama za ajabu, na tena wewe hulikumbuka. Hatutoi mfano hapa, maana mfano ukiisha kuchapwa gazetini si siri tena. Usitumie jina la mtoto wako, wala mwaka wake wa kuzaliwa, wala Nyiragongo, wala Goma. Orodha za wezi zina majina ya milima na miji ya dunia nzima.

Usilitumie neno moja kila mahali. Daftari la mahali pazembe likiibiwa, mwizi hulijaribu neno hilo kwenye milango yako yote. Walimu na makarani, kila mmoja awe na jina lake la kuingilia. Ikiwa hapana budi kuliandika neno, liandike nyumbani, ulifungie pamoja na hati za kiwanja na vyeti vya watoto, wala si karibu na mashine. Mume na mke wapatane mapema nani atajua karatasi hiyo iko wapi. Tumewaona wajane waliobaki na simu iliyofungwa, na bawabu mwaminifu hana la kuwaambia.

Jambo moja zaidi kwa wenye kompyuta. Neno la kuingilia hulinda mlango, halilindi kuta. Mwizi akiondoa diski na kuitia katika mashine nyingine, aweza kuyasoma mafaili yako bila kuulizwa lo lote, isipokuwa diski yenyewe imefungwa kwa maandishi ya fumbo. Simu nyingi za siku hizi hujifunga hivyo zenyewe. Kompyuta nyingi huhitaji kuagizwa. Mwulize fundi wako.

Juma lililopita tulimsomea mvulana yule makala hii kabla ya kuipeleka kwa mchapaji, maana alikuwa na haki ya kuikataa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama karatasi ile ingali chini ya kibao. Tukamwonyesha meza. Yeye mwenyewe akakiinua kibao, akatazama, akakirudisha polepole mahali pake.